Mbao ya tablo: kipande cha msitu ndani ya magari ya zamani ya Fizi na Baraka

BARAKA, Fizi. Gari likiachwa nyuma na wenyewe waliokimbia, kila fundi wa garaji anajua namna linavyoliwa. Kwanza inaenda bateri. Yanafuata magurudumu, viti, taa na redio. Kisha waya za shaba, na mwisho injini yenyewe, siku wakipatikana watu wa kuibeba. Kinachobaki ni bati, na katika magari machache, mbele ya mahali dereva alipokuwa anakaa, kuna ubao mwembamba uliofunikwa na vumbi. Huo hakuna aliyeutaka. Ni mdogo mno hata kwa kigoda, na ukitiwa motoni unatoa moshi mbaya wa verini.

Basi ubao unabaki mpaka wenye gari warudi, au mpaka aje mtu mwingine anayetaka kuufufua. Na hapo ndipo unapovunjika. Umevumilia vita, mvua na jua la ziwa kwa miaka mingi, halafu unapasuliwa na turnevisi katika dakika mbili, na mtu mwenye haraka na nia njema.

Neno tablo tumelipokea kutoka kwa Wafaransa na Wabelgiji. Waingereza wanaita dashibodi, na jina hilo ni la zamani kuliko gari lenyewe. Lilikuwa ubao uliosimamishwa mbele ya mkokoteni wa farasi ili matope yanayorushwa na kwato yasimfikie aliyekaa. Magari ya kwanza ya motokaa yalijengwa na mafundi walewale wa mikokoteni. Bodi ilikuwa fremu ya mbao, mara nyingi ya mti wa Ulaya unaopindika bila kuvunjika, halafu bati lilipigiliwa juu yake. Wakati ule mbao mbele ya dereva haikuwa anasa hata kidogo. Ilikuwa desturi ya seremala, kwa sababu gari zima lilikuwa kazi yake.

Mambo yaligeuka viwanda vilipojifunza kukanda bati zima kwa mashine kubwa, hasa katika miaka ya 1920 na 1930. Gari la mtu wa kawaida likapata tablo ya bati iliyopakwa rangi. Mbao ikabaki kwa matajiri. Kitu kilekile kilichokuwa alama ya kazi ya mikono kikawa alama ya cheo, na kwa cheo hicho ndivyo kilivyofika kwetu.

Kufika kwenyewe kulikuwa safari. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita kuu ya kwanza, Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mwaka 1921 kwamba Ubelgiji ipate sehemu yake ya bandari pale Dar es Salaam na pale Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Sehemu hizo zikaitwa Belbase. Bidhaa za Kongo ya mashariki zilipita humo bila kulipishwa ushuru wa Tanganyika, zikapanda meli, zikavuka ziwa. Kwa watu wa ukanda huu, njia ya Kigoma haikuanzishwa na wakimbizi. Ilikuwa barabara ya biashara kabla ya kuwa barabara ya machozi.

Huku upande wetu barabara za mkoloni zilitengenezwa na kutunzwa kwa nguvu za wanakijiji. Magari yaliyozipita yalikuwa ya kazi: kamio, Land Rover kuanzia 1948, Volkswagen, halafu Peugeot 403 ya 1955 na 404 ya 1960. Ndani yake hakuna mbao ya urembo. Mtu wa Fizi akisema mbao ya gari, wazee wanafikiria ile ya nyuma ya kamio, iliyotengenezwa na maseremala wetu ili kubeba mihogo, samaki, chumvi na watu. Hiyo inastahili makala yake yenyewe, na kwa kweli ina heshima kuliko hii ya mbele.

Baada ya uhuru wa 1960, Fizi ilikuwa na historia tofauti na ile ya Bukavu au Lubumbashi. Uasi wa 1964 ulipata ngome hapa. Mwezi wa nne 1965 Che Guevara na Wakuba wa kwanza walifika kwa gari kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, wakavuka ziwa usiku na kushukia Kibamba. Mwishoni mwa mwezi wa tisa mwaka huo mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka ziwani pamoja na jeshi la serikali, na mwezi wa kumi na moja Wakuba wakarudi Kigoma. Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP mwaka 1967 na kukaa milimani miaka mingi. Wakati matajiri wa miji mingine walikuwa wanashindana kwa magari, milima ya Fizi ilikuwa nchi ya miguu. Magari mazuri yaliyofika pwani ya Baraka yalihesabika, na kila moja lilijulikana mwenyewe ni nani.

Upande wa pili wa ziwa na hadi Kenya, watu walishabuni jina la wakubwa wapya: Wabenzi, kabila la wenye Mercedes-Benz. Kwetu jambo lenyewe lilipata nguvu tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alipotangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zipewe Wazaire. Waliopewa waliitwa acquéreurs. Wengi hawakujua biashara, na maduka mengi yalikauka haraka, lakini pesa ya kwanza iliyotoka dukani mara nyingi ilinunua gari. Mercedes ilikuwa namna ya kutangaza kwamba zawadi ya rais imefika. Mbao ya tablo ilikuwa ndani ya tangazo hilo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wachache wanalifikiria. Mwaka 1976 Mercedes ilitoa gari lililojulikana kwa nambari W123. Liliendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1980, karibu magari milioni 2.7, na sehemu kubwa ya Afrika bado inalikumbuka kama taksi isiyokufa. Katika mengi ya magari hayo, hasa ya bei ya juu, ubao wa mbele uliitwa zebrano, kwa sababu mistari yake ya kahawia na manjano ni kama ya punda milia. Mti huo hauoti Ujerumani. Unaota Cameroon na Gabon, katika msitu wa Afrika ya kati. Ulikatwa huko, ukapakiwa melini ukiwa gogo zima, ukachanwa Ulaya kuwa karatasi nyembamba, ukabandikwa, ukapakwa verini, halafu ukarudi Afrika ndani ya gari na kuuzwa kwa pesa nyingi kama uzuri wa Wazungu. Leo mti huo uko kwenye orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka.

Watu wengi wanafikiri tablo ya namna hiyo ni ubao mzima. Siyo. Ni karatasi ya mti, mara nyingi isiyofika milimita moja, iliyobandikwa juu ya mbao nyingine ya tabaka au juu ya bati. Magari ya kifahari ya Uingereza, kama Jaguar, yalitumia mti wa jozi, hasa ule uvimbe unaoota kwenye shina, wenye michoro kama moshi. Karatasi mbili zilizofuatana katika gogo moja zilifunguliwa kama kurasa za kitabu, upande wa kushoto ukafanana na wa kulia. Kwa hiyo kipande kimoja kikivunjika, hakuna duka, wala Bukavu, wala Dubai, litakalokupa kinachofanana nacho sawasawa. Gogo lake lilikwisha zamani.

Jambo lingine liliifukuza mbao. Magari yalipozidi kwenda mbio, ajali zilionyesha kwamba tablo ngumu inaua anayerushwa mbele, na mbao ikivunjika inatoa vipande vikali. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 1968, sheria za usalama za Marekani zilidai ndani ya gari pawe na sehemu laini za kupokea kichwa na kifua. Viwanda vilivyotaka soko hilo vilifuata. Mbao ikapunguka kutoka ubao mzima hadi ukanda, na wengine wakaiacha kabisa, wakachapa picha ya mbao juu ya plastiki. Kutofautisha ni rahisi: tazama ukingoni, au nyuma. Mti wa kweli una nyuzi zinazoonekana zikikatika ukingoni. Plastiki ina rangi moja tu, na mchoro wake unakwisha ghafla.

Halafu ikaja 1996. Mwezi wa kumi vita viliingia Uvira na kushuka kwenye pwani, na watu wa Fizi wakachukua ile njia ya zamani ya Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili yao, na Lugufu ikafuata mwaka 1997. Vita vya pili, vya mwezi wa nane 1998, viliongeza wengine. Katika mtumbwi unaweka watoto, godoro, sufuria, labda baiskeli na cherehani. Gari huweki. Waliokuwa na gari walifunga milango, wakachukua funguo, na funguo hizo zimekaa miaka ndani ya masanduku ya bati kambini, zikilinda gari ambalo huenda lilishabaki mifupa mwezi wa kwanza. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, wengine wakarudi, wengine wakahamishiwa Nyarugusu. Na wale waliokimbia mapigano ya 2025 upande wa Bukavu na Uvira wanajua habari hii bila kuhadithiwa.

Kwa familia inayorudi na kukuta bati tu, ubao wa mbele unaweza kuwa kitu pekee ambacho mkono wa baba au babu uligusa kila siku na ambacho bado kipo. Kwa fundi, ni kitu kinachoongeza thamani ya gari likiwa linafufuliwa. Sababu ni mbili, lakini kazi ni moja.

Kazi hiyo inaanza mbali na mbao, kwenye bateri, kama ipo. Nyuma ya tablo ya gari la miaka 40 au 50 kuna waya ambazo ganda lake limekauka na kupasuka. Waya mmoja ukigusa bati, moshi unatoka kabla hujajua umetoka wapi. Ule mguu wa bateri unaoshikamana na bodi ya gari ndio unaofunguliwa kwanza. Halafu picha za simu, nyingi, kila hatua, maana fundi anayesema atakumbuka waya zote ndiye huyohuyo ambaye wiki ijayo taa zake zitawaka akipiga honi.

Kosa kubwa ni kuingiza turnevisi chini ya ukingo wa mbao na kunyanyua. Mbao hizi karibu zote hazikupigiliwa kutoka mbele. Zimeshikwa kutoka nyuma kwa nati ndogo na klipu, au kwa visi zilizofichwa mahali pasipoonekana: chini ya kisahani cha majivu ya sigara, nyuma ya redio, chini ya vifungo vya hewa ya joto, ndani ya kisanduku cha upande wa abiria. Mtu atoe kwanza vitu hivyo vyote, ndipo aulize mbao imeshikwa wapi. Ikikataa kutoka, kuna visi moja zaidi. Nguvu si jibu.

Katika Mercedes W123 kipande cha katikati kinatoka baada ya kisahani cha majivu, redio na vifungo kuondolewa. Ukanda wa upande wa abiria unafikiwa kwa kutoa kisanduku chake na kuingiza mkono nyuma. Geji zake hazina visi: zimebanwa na mpira, zinavutwa taratibu kwa vijiti viwili vya waya vilivyopindwa kama ndoano, kimoja kila upande. Taratibu, kwa sababu nyuma yake kuna kebo ya mwendo na bomba jembamba linaloleta mafuta ya injini hadi kwenye geji ya presha. Bomba hilo likikatika, mafuta yatamwagika kwenye miguu ya dereva siku ya kwanza gari linawaka. Katika magari ya zamani ya Uingereza ni kinyume: kila geji ya duara imeshikwa nyuma na kipande cha chuma chenye umbo la U na nati za kuzungusha kwa vidole. Geji zikitoka, ubao wenyewe unabaki na nati chache tu.

Hewa ya ziwa inatia kutu. Visi iliyoganda haishindwi kwa turnevisi ndogo na mkono mkali. Inashindwa kwa turnevisi inayojaa kichwa chake, tone la mafuta, na usiku mmoja wa kusubiri. Tone lenyewe liwe kwenye visi tu. Likinywewa na mbao, gundi haitashika tena pale. Klipu za plastiki zilizozeeka zinavunjika zaidi zikiwa baridi, kwa hiyo fundi wa Fizi juu milimani afadhali angoje jua la saa nne kuliko kuanza alfajiri. Badala ya chuma, tumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa na kufungwa kitambaa, na usukume karibu na klipu, si katikati ambapo mbao inapinda.

Kisanduku cha abiria kikitoka, tia mkono nyuma yake kabla ya kufagia. Vitu vingi vinaanguka huko miaka yote ya gari: sarafu, picha, risiti, karatasi za gari. Karatasi iliyoharibika nusu bado inaweza kusomeka jina. Katika magari mengi ya kifahari ya Uingereza, nyuma ya mbao yenyewe kuna nambari ya seti, mara nyingine kwa penseli, iliyowekwa kiwandani ili vipande vya gari moja visichanganyike. Wengi wanaifuta kwa msasa wakidhani ni uchafu. Nyuma haihitaji msasa kabisa. Mahali ambapo watu wanagombana juu ya nani mwenye kitu kilichoachwa wakati wa vita, kufuta nambari yoyote ni ujinga.

Mbao ikiwa mezani, tatizo la kawaida ni verini iliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Jua ndilo linafanya hivyo. Mti wenyewe chini yake mara nyingi ni mzima. Verini inatolewa kwa joto la wastani na kwanguo butu, au kwa kipande cha kioo kama maseremala wetu wanavyosugua samani, kufuata nyuzi. Msasa mnene ni hatari, kwa maana karatasi ya mti ni nyembamba na ukiitoboa unaona ubao mwekundu au bati chini yake, na hapo hakuna dawa. Pale ilipobanduka, gundi nyeupe ya seremala inasukumwa ndani kwa sindano au wembe, inafunikwa na plastiki, na kubanwa. Vibano vikikosa, mpira wa ndani wa tairi uliokatwa kama mkanda unabana vizuri zaidi, kwa sababu unafuata mikunjo.

Kuna wanaouliza kama kipande kilichopotea kinaweza kutengenezwa hapa. Zebrano, hapana. Lakini mvule upo, mninga upo, na seremala mwenye randa kali anaweza kupata kipande chembamba kinachokaa vizuri. Hakitafanana, na hakuna haja ya kudanganya kwa kupaka mistari. Ubao wa mvule uliokatwa sawasawa una sura nzuri kuliko karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao inayouzwa sokoni, ambayo joto la Baraka linaikunja kabla ya mwaka kuisha.

Verini mpya inapakwa nyembamba mara nyingi, si nene mara moja, ndani ya nyumba, mbali na vumbi la barabara, na kila tabaka likauke kivulini. Kurudisha kunafuata picha za simu kwa kinyume: ubao, nati zilizokazwa kwa vidole tu, geji, redio, kisanduku, kisahani cha majivu, mwisho bateri. Washa taa zote kabla ya kufunga. Halafu gari likishakwenda Mboko na kurudi mara moja, na mashimo ya barabara yale, ingiza mkono nyuma tena uguse kila nati, maana moja au mbili zitakuwa zimeshalegea.